Mdharau Mwiba Mguu Huota Tende

Mwana-kondoo amezaliwa mzima, ananyonya vema, anarukaruka malishoni. Baada ya majuma machache mchungaji amwona anatembea kwa shida, miguu imekakamaa, mgongo umepinda. Akikimbizwa huanguka, na maradhi yakimshika moyo hufa ghafula. Apasuliwapo, nyama ya mapaja huonekana ina michirizi myeupe kama nyama iliyochemshwa. Hayo ndiyo maradhi ya misuli myeupe.

Katika jimbo la Oregon, Marekani, maradhi hayo yaliwatia wafugaji hasara kubwa. Majani waliyowalisha kondoo wao yalikuwa mazuri machoni, wala mchungaji hakuwa na kosa. Mwaka 1958 wataalamu O. H. Muth, J. E. Oldfield na wenzao walionyesha kwamba kondoo wenye mimba wakiongezewa madini ya seleni kidogo sana katika chakula chao, watoto wao husalimika. Upungufu ulianzia udongoni, ukapita katika majani, ukafika katika damu ya mama na mwana.

Kwa nini msuli uumie? Kila msuli ufanyapo kazi hutumia oksijeni, na humo huzaliwa takataka kali ziunguzazo seli. Mwili huzizima kwa kimeng'enya chenye seleni ndani yake, ukisaidiwa na vitamini E. Seleni ikikosekana, seli za msuli hufa, na chokaa hujikusanya mahali pake. Ndiyo sababu msuli wa moyo, usiopumzika usiku wala mchana, huweza kuharibika pia.

Ndugu wasomaji, hapa pana onyo. Kiasi cha miligramu 0.1 katika kila kilo ya chakula kikavu chaweza kumwokoa mnyama. Kikizidi mno, seleni hiyo hiyo ni sumu iuayo. Basi asiwepo mtu wa kununua dawa na kuipima kwa kubahatisha. Na amwite Bwana Mifugo apime damu kabla ya kumlaumu mchungaji wake au kumshuku jirani.

Nchi ya Ufini, yenye udongo maskini wa seleni, haikumwacha kila mkulima ahangaike peke yake. Tangu mwaka 1984 madini hayo huchanganywa na mbolea ya mashamba, yakawafikia mifugo na watu pia. Shida iliyotoka katika ardhi ya wote imetibiwa kwa shauri la wote.