Ganzi ya vidole usiku: kutoka nyundo hadi kompyuta

Sekenke kumechimbwa dhahabu tangu enzi za Wajerumani, na wachimbaji wadogo wengine bado huponda mawe kwa nyundo. Mponda mawe akisema usiku vidole vinamwaka na kufa ganzi, kijana wa steshenari anayeshika kipanya cha kompyuta kutwa nzima atamwelewa haraka. Ugonjwa unaweza kuwa ni uleule.

Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba wanamopita kano za vidole na mshipa wa fahamu. Kano zikivimba kwa kazi ya kurudiarudia, mshipa hubanwa. Ganzi hushika dole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete. Kidole cha mwisho kwa kawaida husalimika. Wajawazito na wenye kisukari nao hupata sana.

Anza na usiku, maana wengi hulala wamekunja mkono bila kujua. Funga kibao chepesi kwa bandeji, bila kukaza, kifundo kibaki kimenyooka. Mchana pumzisha mkono mara kwa mara. Wa kompyuta, weka kipanya karibu, kifundo kisilalie ukingo wa meza, na usogeze mkono kuanzia kwenye kiwiko.

Vidonge vya dukani vya kila siku vinaweza kuumiza tumbo na figo. Ukianza kuangusha vikombe, au nyama ya chini ya dole gumba ikibonyea, nenda hospitali mapema. Mshipa uliobanwa muda mrefu huenda usirudie hali yake hata baada ya upasuaji.