Upweke Wakati wa Maradhi ya Mlipuko Si Udhaifu wa Imani



Ndugu wanafunzi na wazazi, bado tunaikumbuka corona. Machi 2020 hapa Kenya shule, madrasa na misikiti ilifungwa, na Ramadhani ile tuliswali tarawehe majumbani. Misikiti ilipofunguliwa Julai, watoto wa chini ya miaka 13 na wazee waliozidi miaka 58 waliambiwa wasihudhurie. Wanafunzi wengi hawakurudi shuleni mpaka Januari 2021.

Kujikinga na maradhi ni katika mafundisho ya dini yetu. Mtume (S.A.W.) alikataza kuingia katika mji wenye tauni, na aliyemo asitoke kuikimbia. Lakini kutengana kukirefuka, nafsi huumia. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa corona, maradhi ya wasiwasi na ya huzuni nzito yaliongezeka duniani kwa asilimia 25, na upweke ukiwa miongoni mwa sababu.

Kwa nini iwe hivyo? Mwanadamu ameumbwa aishi na wenziwe. Salamu, kupeana mikono na mzaha wa rafiki tukitoka chuoni hututuliza bila ya sisi kujua. Vikikatika, mtu hubaki na fikra zake peke yake, na hofu ndogo huwa kubwa. Dalili zake ni kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kutotamani chakula, hasira za karibu, masomo kutoingia, na kujifungia chumbani hata ruhusa ya kutoka ikipatikana.

Hapa ndipo baadhi yetu tulipokosea. Mtoto alipolia, tulimwambia imani yake ni dhaifu. Je, tumesahau kisa cha Nabii Yaaqub (A.S.)? Alipotengana na mwanawe Yusuf alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni Nabii. Alimshitakia Mola wake huzuni yake, wala hakukata tamaa.

Basi yakitufika tena, tutengane kwa miili, si kwa nyoyo. Tumpigie bibi simu kila siku. Tuswali jamaa na watu wa nyumbani. Tusimwache mgonjwa bila ya salamu, japo kupitia dirishani. Na huzuni ikizidi wiki mbili, twende kwa daktari kama tuendavyo kwa homa, kwani Mtume (S.A.W.) alituamrisha kujitibu.

Allah (S.W.T.) atulinde na maradhi ya miili na ya nyoyo. Amin.