Mbegu ya bangi chotara: jina si dhamana

Katika nchi zilizohalalisha bangi, mbegu huuzwa kwa majina. Hii inaitwa sativa, ile indica, nyingine chotara wa hizo mbili, na kila jina linaahidi ukubwa wa mmea, harufu na nguvu ya kulevya. Ushahidi wa vinasaba unaipinga ahadi hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliopima sampuli 81 za bangi ya kulevya na 43 za bangi ya nyuzi, ulikuta sampuli iliyotajwa kuwa sativa tupu ya Jamaika inakaribia kufanana kabisa na nyingine iliyotajwa kuwa indica tupu ya Afghanistan.

Chanzo cha mkanganyiko kimo ndani ya mmea wenyewe. Bangi kwa kawaida ina mimea dume na jike, na chavua husafirishwa na upepo, hivyo kila mbegu ni mchanganyiko mpya wa wazazi wawili. Mwaka 2003 Etienne de Meijer na wenzake walichapisha matokeo ya kuzalisha mmea wenye THC, kemikali inayolevya, na mwingine wenye CBD, isiyolevya. Watoto wote wa kizazi cha kwanza walikuwa na kemikali zote mbili. Baadhi yao walipochavushwa kwa chavua yao wenyewe, wajukuu waligawanyika: takriban robo walirudia THC, robo CBD, na nusu wakabaki na mchanganyiko. Anayehifadhi mbegu za mahindi chotara ili azipande msimu unaofuata anaijua hasara ya mgawanyiko huo.

Wapo watakaosema tofauti hizi huletwa na mwanga, mbolea na wakati wa kuvuna. Ni kweli kwamba mazingira hupandisha au kushusha kiasi cha kemikali. Lakini uwiano wa THC na CBD hutawaliwa zaidi na urithi, na mbolea haigeuzi mmea wa THC kuwa wa CBD. Wengine watasema mzalishaji makini anaweza kuzituliza sifa hizo. Anaweza, ila kwa kuchagua na kurudia vizazi kadhaa, huku akihatarisha nguvu ya mmea kwa kuzalisha ndugu kwa ndugu. Ndiyo maana wakulima wengi hutumia vipandikizi vya mmea mama mmoja, ambavyo hubeba urithi wake uleule.

Suala hili lina gharama. Sheria ya Marekani ya mwaka 2018 iliruhusu bangi ya viwandani isiyozidi asilimia 0.3 ya THC kwa uzito mkavu, na zao linalovuka kiwango hicho haliwezi kuuzwa kama bangi ya viwandani. Rwanda nayo iliruhusu mwaka 2021 kilimo cha bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje, na mnunuzi wa dawa hahitaji jina, anahitaji kipimo. Anayeuza mbegu aeleze wazazi wa mbegu hiyo, kizazi cha mbegu hiyo na matokeo ya maabara. Asiyeweza kueleza hayo asilipwe bei ya mbegu bora.