Tumchague Nani?

Somo: Matendo ya Mitume 6:1-7



Katika mji mdogo kama Griftu, Wakristo ni wachache: walimu, wauguzi, askari na jamaa zao, kutoka makabila mbalimbali. Mzee wa kanisa akipata uhamisho, maneno huanza: "Safari hii awe wa kwetu." Ndipo kundi dogo hugawanyika, na jirani zetu Waislamu wanatazama.

Kanisa la kwanza lilipatwa na shida hiyo. Wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa chakula. Mitume hawakuyaficha manung'uniko, wala hawakuchagua peke yao. Waliita mkutano, wakataja sifa zinazotakiwa: kushuhudiwa vema, kujaa Roho, na hekima. Watu wakachagua saba. Mitume wakaomba, wakaweka mikono juu yao. Tena angalia: majina yote saba ni ya Kiyunani. Waliosahauliwa ndio waliokabidhiwa kazi!

Tarehe 20 Mei 2016, Kanisa la Anglikana la Kenya lilimchagua Jackson Ole Sapit, Askofu wa Kericho, awe Askofu Mkuu wa sita. Waanglikana duniani walikuwa wamefarakana, lakini kiongozi alipatikana kwa sala na kura, kwa taratibu za kanisa.

Mpendwa, kabla ya kuchagua, uliza: nani amesahauliwa kati yetu? Na yule usiyempigia kura akichaguliwa, je, utamwombea?

Tuombe. Bwana, tuondolee upendeleo, utupe mchungaji umpendaye wewe. Amina.