Mkimbiaji wa Miaka 60 Ale Nini Akitoka Mbioni?

Mwaka 1992, Benson Masya, Mkenya mzaliwa wa Kitui, alishinda Mashindano ya kwanza ya Dunia ya Nusu Marathoni mjini Newcastle, Uingereza. Alikuwa na miaka 22. Katika umri huo misuli haina makuu: ikipata protini kidogo baada ya mbio, huanza kujijenga. Ukifika miaka 60 mambo hubadilika, na hapo ndipo wengi wanaoendelea kukimbia hukosea, kwa kula kama walivyokula ujanani.

Mazoezi marefu huvunja sehemu ya protini za misuli. Chakula huleta amino asidi za kuijenga upya, na mojawapo, lusini, ndiyo inayoamsha kazi hiyo. Misuli ya mtu mwenye umri mkubwa huwa mizito kuitika. Tafiti zilizolinganisha rika hizi mbili zinaonyesha kwamba kijana hutosheka na takriban gramu 0.24 za protini kwa kila kilo ya uzito wake katika mlo mmoja, ilhali mzee huhitaji karibu gramu 0.4. Mazoezi husaidia, lakini hayamrudishi mtu ujanani. Mkimbiaji wa kilo 60, basi, alenge gramu 24 hivi kwa kila mlo.

Sasa tazama staftahi ya kawaida baada ya mbio za alfajiri: kikombe cha chai ya maziwa na vipande viwili vya mkate. Hapo hata gramu 10 hujafikisha. Viazi vitamu vitakurudishia nguvu, na unavihitaji, ila misuli bado inadai. Huna haja ya kukimbilia jikoni ukiwa bado unahema, kwa sababu misuli hubaki tayari kupokea kwa takriban saa 24. Ubaya ni kuliacha deni hadi usiku, kisha chakula chenyewe kiwe ugali na sukuma wiki.

Dawa iko shambani. Kitui na Makueni ni nchi ya ndengu, kunde na mbaazi. Kikombe cha ndengu zilizoiva kina gramu 14 hivi za protini; ongeza mayai mawili, gramu 12, na umevuka lengo. Muthokoi, mchanganyiko wa mahindi na mbaazi, nao ni chakula kizuri mno, ila angalia sahani: mara nyingi mahindi yamejaa na mbaazi ni za kuhesabu. Geuza, mbaazi ziwe nusu au zaidi. Mahindi yamepungukiwa na amino asidi ya laisini, mbaazi zimepungukiwa na ile ya methionini, na vikiliwa pamoja huzibiana pengo. Kwa kuwa protini ya mikunde haina lusini nyingi kama ya maziwa, shushia na bilauri ya maziwa au mala. Unga wa protini unaouzwa madukani kwa bei ghali sioni sababu ya kuununua.

Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kumwona daktari.

Kinachonisikitisha ni desturi ya nyumba zetu: kuku ni wa kupeleka sokoni, mayai ni ya watoto na wageni, na mzee aliyeamka kukimbia anaachiwa chai. Ndugu msomaji, trei ya mayai ikitoka kwenda kuuzwa kesho, toa mawili kwanza, umchemshie mzazi wako anayekimbia.