Kosa la tarehe kwenye kompyuta laweza kuitia biashara hasara

Makampuni mengi, yakiwemo mabenki, madalali wa hisa na wauzaji wa jumla, hutunza majina ya wafanyakazi katika daftari moja la kompyuta liitwalo saraka. Humo ndimo huandikwa nani anaruhusiwa kuingia kwenye hesabu na ruhusa hiyo inakwisha lini. Mtindo wa kuandika tarehe hiyo huonekana jambo dogo, lakini ndio unaoweza kuamua kama karani aliyemaliza mkataba ataendelea kufungua vitabu vya kampuni.

Mtindo unaopendwa na wengi ni ule wa kawaida: 31/12/2030. Kwa macho ya mtu hauna tatizo. Lakini kompyuta iliyoambiwa kuwa hayo ni maandishi tu hulinganisha tarakimu moja moja kuanzia kushoto. Kwa hesabu hiyo 05/01/2031 hutangulia 31/12/2030, kwa kuwa 0 iko kabla ya 3. Meneja akitaka orodha ya akaunti zinazokwisha kabla ya mwaka mpya, atapewa majibu ya uongo. Isitoshe, 03/04 ni tarehe 3 Aprili kwa Mtanzania, na ni tarehe 4 Machi kwa Mmarekani.

Saraka zinazofuata utaratibu wa LDAP zina mtindo wao, uliofafanuliwa katika kanuni RFC 4517 ya mwaka 2006. Mwaka huanza, kisha mwezi, siku, saa, dakika na sekunde, mfano 20301231205959Z. Herufi Z maana yake ni saa za kimataifa, UTC. Tarehe zote zikiandikwa hivyo hujipanga zenyewe kwa mfuatano, na mtu aweza kuzisoma bila msaada wa programu.

Mtindo huo una mwaka wa tarakimu nne. Mtindo wa zamani ulikuwa na tarakimu mbili tu, kasoro ileile iliyowagharimu wenye kompyuta fedha nyingi kabla ya mwaka 2000.

Mtindo wa tatu ni wa namba tupu. Active Directory ya kampuni ya Microsoft, iliyokuja na Windows 2000, hutumia mitindo miwili kwa pamoja. Tarehe ya kufunguliwa akaunti huandikwa kwa mtindo wa LDAP, lakini tarehe ya akaunti kukoma ni hesabu ya vipande vya muda tangu 1 Januari 1601, ambapo sekunde moja ina vipande milioni 10. Namba hiyo ni rahisi kwa mashine kujumlisha na kutoa, ila hakuna karani awezaye kuikagua kwa macho.

Namba hiyo pia ina mtego. Sifuri humo maana yake ni kwamba akaunti haina mwisho. Programu iliyonunuliwa kwingine, ikiisoma sifuri kama tarehe, itadhani akaunti ilikwisha mwaka 1601 na kumfungia nje mfanyakazi wa kudumu. Nayo mifumo inayohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa namba ya biti 32 itafika ukingoni tarehe 19 Januari 2038.

Saa tatu za hatari

Kwa Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Saa zetu ziko mbele ya UTC kwa saa tatu. Karani ambaye mkataba wake unakwisha usiku wa manane wa tarehe 31 Desemba aandikiwe 205959Z, kama kwenye mfano wa juu. Akiandikiwa 235959Z, akaunti yake itabaki wazi hadi karibu saa tisa usiku wa mwaka mpya, wakati ofisi haina mtu.

Kinyume chake ni tarehe ya kuzaliwa. Hiyo haina saa. Ikiandikwa kama usiku wa manane wa hapa kisha ikageuzwa kuwa UTC, inarudi nyuma siku moja, na mtu aliyezaliwa tarehe 10 anasomeka wa tarehe 9. Tarehe za namna hiyo ziandikwe kwa tarakimu nane tu, mfano 19850610, zisiguswe na hesabu ya saa.

Mfanyabiashara anayenunua mfumo mpya amuulize muuzaji maswali matatu kabla ya kulipa: tarehe zinahifadhiwa kwa mtindo gani, kwa saa za wapi, na akaunti isiyo na mwisho inaandikwaje. Majibu yawekwe kwenye mkataba. Kubadili mtindo baada ya rekodi kujaa maana yake ni kupitia kila rekodi na kila programu inayoisoma, na gharama hiyo humwangukia mnunuzi.