Usukani wa gari la zamani ukitikisika, tafuta kilicholegea kabla ya kununua kifaa

KATIKA Kitura na vijiji vingine vya milimani wilayani Mbinga, Land Rover au Land Cruiser ya zamani si chombo cha anasa. Ndilo gari linaloshusha magunia ya kahawa, linalowahisha mjamzito hospitali usiku na kurudisha watoto bweni likizo inapokwisha. Usukani wake unapoanza kutikisika, tatizo si la baba peke yake wala la fundi peke yake. Ni la nyumba nzima, maana wote hupanda humo.

Mwenye gari anaweza kushangaa kwamba mtikisiko umeanza baada ya barabara kuwa nzuri. Zamani safari ya Mbinga hadi Mbamba Bay ilikuwa ya vumbi, mawe na kona, na gari lilitambaa. Leo kilomita hizo 66 ni lami, na gari lilelile linafika mwendo wa kilomita 70 au 80 kwa saa. Lami haikuliharibu gari. Imefichua ulegevu uliokuwamo siku nyingi, kwa sababu mtikisiko wa aina hii huhitaji mwendo ili uamke.

Kosa linalomaliza fedha za msimu wa kahawa ni kukimbilia dukani. Leo tairodi, kesho springi, keshokutwa shokapu, na gari bado linatikisika. Njia ya nafuu ni kuuliza kwanza: linatikisika lini?

Sikiliza gari linasema nini

Likitikisika katika mwendo fulani tu, kisha likatulia dereva akiongeza au kupunguza, shuku magurudumu. Huenda balansi imepotea, rimu imepinda au tairi limevimba ubavuni. Kwa watu wa milimani kuna sababu nyingine isiyogharimu kitu: udongo mwekundu uliokaukia ndani ya rimu. Bonge moja upande mmoja linatosha kuharibu balansi. Osha rimu kwa ndani, kwa maji na brashi, kabla ya kwenda gereji.

Likitikisika breki inapokanyagwa tu, tazama diski au ngoma za breki. Mteremko mrefu wa kwenda ziwani huzichemsha sana dereva anaposhuka huku amekanyaga breki muda wote badala ya kutumia gia nzito.

Mtikisiko ukisikika kwenye kiti kuliko kwenye usukani, anza na magurudumu ya nyuma na viungo vya propela shafti.

Ila gari likipiga shimo dogo, kisha usukani ukaanza kucheza kushoto na kulia kwa nguvu na usiache mpaka gari likaribie kusimama, huo ndio mtikisiko wa hatari. Magari haya mengi yana ekseli moja ngumu mbele, inayounganisha magurudumu mawili. Gurudumu moja likiyumba, humwambukiza mwenzake, na kiungo kilicholegea huwaacha waendelee kupokezana.

Watu wawili na mikono mitupu

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji mashine. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, na waondoe watoto karibu. Magurudumu yabaki chini, gari lisipigwe jeki. Mama au kijana akae kwenye usukani, auzungushe kidogo kushoto na kulia, harakaharaka. Kama usukani ni wa pawa, injini iwe inanguruma na gia iwe huru.

Fundi alale chini akiweka kiganja juu ya kila kiungo, kimoja baada ya kingine: ncha za tairodi, mkono wa boksi ya stelingi, boksi yenyewe na boliti zinazoifunga kwenye chasisi. Jicho hudanganywa na matope na grisi, lakini kiganja husikia mgongano hata ukiwa mdogo.

Gari lenye springi za kuviringika mbele, kama Land Rover tangu One Ten ya mwaka 1983 na Land Cruiser pikapu tangu 1999, lina pia chuma cha mkingamo kinachoizuia ekseli isihame kushoto wala kulia. Bushi zake zikiisha, au tundu la boliti likipanuka, ekseli nzima hucheza. Gari lenye springi za vyuma bapa lichunguzwe bushi za pingili na yu-boliti zinazofunga springi kwenye ekseli.

Baada ya hapo piga jeki gurudumu moja la mbele, na weka gogo imara au stendi chini ya ekseli. Usiiamini jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki, kisha utikise tena. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni kingipini. Kisha shika tairi kushoto na kulia. Likicheza hapo tu, rudi kwenye tairodi. Zungusha gurudumu ukiwa umesimamisha kijiti karibu na rimu: nafasi ikipanuka na kufinyika, rimu imepinda.

Kuna jaribio jingine la bure: hamishia magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, ikiwa yote ni ya saizi moja. Mtikisiko ukihama, gurudumu ndilo lenye kesi.

Mficha maradhi

Magari mengi ya aina hii yana shokapu ndogo iliyolala kwenye usukani. Ikifungwa mpya, mtikisiko unaweza kutulia kwa wiki kadhaa na mwenye gari akafurahi. Lakini shokapu hiyo haikazi kiungo kilicholegea. Inameza mtikisiko tu huku kiungo kikiendelea kulika. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kiungo cha usukani kikikatika kwenye kona ya mteremko hakuna nafasi ya pili. Ibadilishwe ikiwa inavuja au imekufa, ila baada ya viungo kupona.

Vivyo hivyo, fundi asikimbilie kukaza skrubu ya boksi ya stelingi ili kuondoa mchezo. Ikikazwa kupita kiasi, usukani huwa mzito, hukataa kurudi katikati, na boksi huharibika.

Bushi mpya zikifungwa, mkumbushe fundi jambo moja: boliti zake zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa limening'inia kwenye jeki, mpira hujipinda na kuchanika mapema.

Fedha zikiwa chache, fuata mpangilio: osha rimu, pima upepo wa matairi, kaza nati, hamisha magurudumu, piga balansi. Kisha nunua kiungo kilichothibitishwa kwa mkono kuwa kimelegea. Alaimenti iwe ya mwisho, maana kunyoosha magurudumu juu ya viungo vibovu ni kupoteza hela.

Na mtikisiko mkubwa ukikukuta njiani, shika usukani kwa uthabiti bila kushindana nao, ondoa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki kwa ghafla, na uliache gari lipungue mwendo hadi lisimame kando. Abiria washuke. Magunia ya kahawa yanaweza kungoja hadi kesho. Gari hilo lisiendelee na safari kabla ya mtu kulala chini yake na kugusa kila kiungo.